Sweta ya Cucu na Trauti wa Thuci

Mwezi uliopita nilikuwa saluni moja hapa Meru mjini, nimekaa chini ya draya nikingoja nywele zikauke, msichana wa kando yangu alipofungua kichupa cha rangi ya kucha. Ilikuwa ile isiyo na rangi, ya kung'arisha tu. Harufu ilinipanda puani na macho yakajaa maji papo hapo. Mwenye saluni akaniuliza kama draya imenichoma. Nikamwambia hapana, nimemkumbuka mama. Alizitazama kucha zangu, fupi na kavu, kucha za mwalimu wa chaki, akasema basi mama yangu lazima alikuwa mtu wa urembo kuliko mimi. Hapo nilicheka mpaka rola moja ikaanguka.

Mama hakuwahi kupaka rangi ya kucha hata siku moja. Lakini mwaka ule nilipokuwa darasa la nne alinukia rangi ya kucha, yeye na leso yake na hata mikono aliyonifungia vifungo vya sare. Nilidhani najua sababu. Nilidhani mama yangu ni mchawi, na kwa kuwa nilimpenda sana, niliteseka kweli kweli.

Kwetu ni juu ya Runyenjes, pale chai inapoanza kwisha na msitu kuanza. Mto Thuci unapita chini ya shamba letu ukiwa bado mchanga na wa baridi, maji ya kukata meno. Baba alilinda godauni Nairobi. Tulimwona mwisho wa mwezi, na miezi mingine iliisha bila yeye kuonekana. Waliobaki nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi, na Cucu, yaani nyanya yangu, mama yake baba. Kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya huyo, basi yeye alikuwa Igoki na mimi nilikuwa Igoki. Watu walisema nimechukua hata mwendo wake wa kurusha mguu wa kushoto. Mimi nilikuwa wa nyumba ile kabisa, kama mlango.

Mama alitoka Kiambere, kule chini kwenye joto, karibu na bwawa la umeme. Kwao watu hula samaki kama sisi tunavyokula viazi. Cucu alikuwa mtu wa mlimani wa kizamani, na kwake samaki hakuwa chakula hata kidogo. Alikuwa ndugu ya nyoka aliyekosa aibu. Mama akirudi kutoka kusalimia watu wao, Cucu alimpokea vizuri, akamuuliza habari za wazazi na za mbuzi, kisha bila kubadilisha sauti alisema, "Hiyo kibuyu ya maziwa wacha nikae nayo mimi mpaka kesho kutwa." Aliamini kwamba aliyekula samaki akigusa kibuyu, ng'ombe hukauka. Mama hakubisha. Alinawa mikono kwa majivu ya mekoni na kwenda kukatia ng'ombe majani.

Na sisi wa huku juu tulikuwa na maneno yetu kuhusu watu wa chini. Shuleni, ukikosana na mtu kwa ajili ya kamba ya kuruka, alikuambia, "Nyinyi wa kwa mama yako mko na dawa." Ulikuwa upuuzi wa watoto uliookotwa kwenye upuuzi wa wakubwa, na leo mwanafunzi wangu akiutamka ananijua mimi ni nani. Lakini wakati ule nilikuwa na miaka tisa au kumi na niliusikia kila wiki.

Siku moja mama alirudi kutoka soko la Karurumo na katoni ndogo kichwani. Hakuifungua mbele yetu. Alifagia stoo iliyo nyuma ya jikoni, akahamishia magunia ya mahindi upande mmoja, akaweka meza chini ya kidirisha, kisha akanunua kufuli. Tangu siku hiyo, akishatoka kuchuma chai na Cucu akishajilaza mchana, aliingia stoo na kurudisha mlango. Mimi aliniambia mambo mawili. "Igoki, huku usiingie, kuna vitu ya kudunga. Na Cucu usimwambie kitu." Kuhusu vitu vya kudunga nilisahau kesho yake. Hilo la Cucu ndilo lililonikaa.

Mtoto ukimwambia asiingie, umemwambia achungulie. Mbao mbili za ukuta wa stoo zilikuwa zimeachana, na jicho langu lilitosha. Niliona kichuma kidogo kilichobana ukingo wa meza, wenyewe walikiita vaisi, kikiwa kimeng'ata kitu nisichoweza kukiona kwa udogo wake. Niliona makopo ya majani ya chai yamejaa manyoya ya kuku yaliyopangwa kwa rangi, na nywele nyeupe za mbuzi, na mkia mzima wa kuchakuro. Mama aliinama akawa anazungusha uzi mwekundu, akiuzungusha na kuuzungusha huku midomo ikicheza bila sauti. Mwisho alidondoshea tone kutoka kwenye kichupa, na ile harufu ikatoka kupitia ufa. Kisha akakiweka kile kitu kwenye boksi pamoja na vingine. Vilikuwa na mbawa na mikia, na vingine vikubwa vilikuwa na macho.

Alianza pia kutafuta jogoo. Si wa kuchinja. Alikwenda kwa jirani na mayai, akaomba amshike jogoo wake mwekundu amng'oe manyoya. "Ya shingo tu," alisema, "mkia sitaki." Jirani alicheka akampa, mayai ni mayai. Mimi nilisimama kando nikiwa nimeshika leso ya mama na sikucheka, kwa sababu mwalimu wetu wa Sande skul alikuwa ametufundisha dalili. Alikuwa kijana mwenye moyo sana, na dalili alizipenda kuliko mifano ya mwana mpotevu na msamaria mwema. Manyoya, alisema. Nywele za mnyama. Uzi mwekundu. Kitu kidogo kilichofungwafungwa na kufichwa. Na mkikiona, watoto, msikiguse kwa mkono mtupu. Kitupwe kwenye maji yanayotembea, na nguvu zake zitakwenda nayo.

Ungeweza kusema ni hadithi za kuwatuliza watoto wakati wakubwa wanaimba. Lakini mwaka uliotangulia, kwenye mwinuko wa pili kutoka kwetu, kulikuwa na mama mmoja aliyesemwa. Sikujua alisemwa nini hasa. Nilichokiona ni siku aliyoondoka: godoro kichwani, watoto wake nyuma wamebeba masufuria, na watu wamesimama mashambani mwao na majembe bila kusema kwaheri. Mmoja wa wale watoto nilikuwa nakaa naye dawati moja. Jumatatu yake nilikaa peke yangu.

Basi hofu yangu ilikuwa na sura. Nilimwona mama na godoro. Kisha nikaendelea kuwaza, maana usiku wa kiza ukianza kuutembea hujui utakapokomea, nikaona jambo baya zaidi: mimi nisingebeba sufuria yoyote. Mimi ni Igoki, jina la Cucu, mtoto wa boma hili. Wangemfukuza mama na kunibakiza.

Mwezi wa saba ukafika na ukungu wake, ule unaoshuka msituni asubuhi na kukaa mpaka saa sita. Cucu akaanza kukohoa. Daktari wa Runyenjes alisema ni homa ya mapafu, akamdunga sindano na kumpa dawa za kumeza, akasema mzee akae kwa joto. Mama alimwekea jiko la makaa chumbani, akampikia uji wa wimbi na kumgeuza kitandani kama mtoto. Nilipoona anavyomhudumia nilitulia kidogo. Halafu alasiri moja nikachungulia stoo.

Cucu alikuwa na sweta moja ya sufu ya brauni iliyoelekea wekundu, rangi ya udongo wetu mvua ikinyesha. Aliivaa kwenda kanisani na shambani, na mkono mmoja ulikuwa umeanza kufumuka. Siku ile niliuona ule mkono wa sweta mezani kwa mama, umekatwa. Mama alikuwa amevuta uzi wake mmoja, anauzungusha kwenye kile kitu kidogo, akauviringa vizuri, akafunga juu yake nyoya la shingo la yule jogoo. Wiki hiyo hiyo darasani tulikuwa tumefundishwa methali, kikulacho ki nguoni mwako. Nilishuka kutoka kwenye jiwe nililosimamia.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Kumwambia Cucu kungemuua haraka zaidi, na kumwambia mwalimu wa Sande skul kungeleta godoro kichwani kwa mama. Nilichofanya ni kwamba mama akimpelekea Cucu uji, nilijitolea kuubeba, na pale kizingitini kabla ya kuingia niliuonja. Nilisimama nikingoja nife. Nisipokufa, niliingia nikampa. Kila nikimwona Cucu anameza niliona nimeshinda siku, na kila akikohoa niliona nimeshindwa.

Ijumaa Mama Nyaga alipita kwetu. Huyu alikuwa kiongozi wa akina mama wa kanisa, mwanamke mkubwa wa sauti na wa roho, ambaye hakuhitaji kipaza sauti hata kwenye mazishi. Alisema kesho wangekuja kumwombea mgonjwa. "Na tutaomba chumba kwa chumba," alisema. "Hata stoo."

"Stoo iko na mahindi tu," mama alisema.

"Shetani pia anakula mahindi," Mama Nyaga alijibu, akaenda zake.

Nilimwona mama akitazama mlango wa stoo, na uso wake uliingia wasiwasi wa kweli. Leo najua aliogopa nini. Wakati ule niliona ni mtu aliyekaribia kushikwa. Nilikaa nikapanga: wakikuta manyoya tu, pengine mama atajitetea. Wakikuta manyoya yamefungwa kwa sufu ya sweta ya Cucu, hakuna wa kumwokoa.

Jumamosi asubuhi mama alipeleka majani ya chai kwenye kituo cha kuuzia. Ufunguo ulikaa nyuma ya kopo la chumvi, nani asingejua. Nilifungua stoo, na kile kitu kilikuwa bado kwenye vaisi, peke yake, mama alikuwa hajatengeneza cha pili cha sufu ile. Kwa karibu kilikuwa kizuri, na uzuri wake ulinitisha zaidi. Nilikifunga kwenye jani la mgomba nisikiguse kwa mkono mtupu. Kilinidunga hata hivyo, kupitia jani, nikakubali kwamba sasa kimenijua. Nikashuka mtoni mbio.

Kuna mahali Thuci unapumzika, kidimbwi kirefu chini ya mti ulioinama, kisha maji yanamwagika tena mawe kwa mawe. Nilisimama pale nikasema Baba Yetu yote mpaka amina. Nikafungua jani na kukirusha. Nilikuwa nimemwomba Mungu kizame. Hakikuzama. Kilikaa juu ya maji, kikatandaza manyoya yake, kikaanza kuzunguka polepole kuelekea kivulini. Nikasema moyoni, nenda, nenda tu, uende mpaka Tana.

Ndipo maji yakapasuka. Kulitoka mdomo, halafu ubavu wenye madoadoa na mstari wa waridi, na mkia ukapiga maji usoni kwangu. Kile kitu hakikuwepo tena.

Sijui nilipandaje kile kilima. Najua nilifika na kandambili moja. Mama alikuwa bado hajarudi, na Cucu alikuwa amejikokota nje jua lilipopasua ukungu, amekaa kwenye kiti na blanketi magotini. Kule barabarani sauti ya Mama Nyaga ilikuwa tayari inapanda na wimbo. Nilimwangukia Cucu mapajani nikamwambia yote kwa mkupuo mmoja, ya stoo na jogoo na kuchakuro, na mkono wa sweta, na kwamba nimejaribu kuitupa ile dawa na mto wenyewe umefungua mdomo ukaimeza, na sasa asimwambie mtu, tafadhali asimwambie mtu, mama wasimfukuze.

 Mabega ya Cucu yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Kisha ikatoka sauti nyembamba, kicheko cha mtu asiye na pumzi. Alicheka akakohoa, akashika kifua, akacheka tena, machozi yakashuka kwenye mikunjo ya mashavu.

"Jina langu," alisema alipoweza, "huo si mto umefungua mdomo. Hiyo ni trauti."

Sikuelewa. Alinivuta karibu akaninong'oneza, maana wale wa wimbo walikuwa wamefika kwenye ua wa jirani. "Nikiwa kama wewe hivi, wazungu walikuwa wanakuja hapa Thuci na fimbo ndefu. Wanaingia kwa maji mpaka magoti, na baridi yote hiyo, halafu wanachapa mto na kamba kama mtu anafukuza ng'ombe kwa mahindi. Baba yangu alikuwa anawabebea kikapu. Kwa kofia walikuwa wamejidunga hizo manyoya, zimejaa. Ni ya kudanganya samaki. Anaona ni mdudu imeanguka kwa maji, anakuja mbio na tamaa yake. Kumbe ni ndoana."

"Na sweta yako?"

"Mkono ulikuwa umeoza. Nilisikia mami yako akiongea na simu na yule mama wa Karurumo anamletea kazi. Anasema uzi ya brauni imeisha na hao watu wa nje wanataka kuona moja ya hiyo rangi. Nikaangalia sweta. Nikaukata mimi mwenyewe, nikautupa hapo kwa mlango ya stoo, nikasema tupeni hii takataka. Nilijua hatatupa."

Nilimtazama. "Kwa hivyo ulikuwa unajua mami anatengeneza vitu vya samaki? Hapa nyumbani?"

"Najua tangu siku ya kwanza. Kwani nina mafua ya milele nisisikie hiyo harufu?" Akanishika kidevu. "Lakini nikisema najua, lazima nikataze. Mimi ni Igoki, watu wote wanajua samaki haingii kwangu. Na nikikataza, mami yako atafanya nini na hiyo mikono yake? Wacha ajifiche. Anajificha kwa heshima. Na wewe usimwambie najua. Ataona haya."

Siwezi kueleza vizuri nilivyohisi. Nilipumua, na ndipo nikagundua kwamba kwa wiki nyingi sikuwa nimepumua mpaka chini. Mama hakuwa mchawi. Cucu hakuwa analiwa na mtu, alikuwa na homa ya mapafu tu kama daktari alivyosema, homa ya kawaida, ya mwezi wa saba, ugonjwa nilioupenda ghafla. Nililia kwenye blanketi lake kwa furaha, na yeye akanipiga mgongoni akisema, "Pole, pole, na huyo samaki naye pole, ataitema tu, si mjinga kama wewe."

Hivyo ndivyo akina mama walivyotukuta. Waliona mtoto analia na mgonjwa ana machozi, wakajua Roho ameshatangulia, wakaanza kuomba kabla hata ya kukaa. Waliomba sebuleni na chumbani. Waliomba jikoni mpaka paka akatoka. Walipofika stoo, ambayo mimi kwa haraka yangu nilikuwa nimeiacha na kufuli ikining'inia, Mama Nyaga aliweka mkono kwenye mlango.

"Huko ni mahindi na panya," Cucu aliita kutoka kitini, na sauti yake siku ile ilikuwa na nguvu. "Mlango ukifunguka watatoka wote waje kwa nyumba. Ombea tu hapo nje waondoke."

Mama Nyaga aliufikiria mlango, akafikiria panya, akaondoa mkono. Wakapiga magoti kwenye vumbi na kuomba juu ya panya kwa muda mrefu na kwa majina ya manabii wengi. Mimi nilipiga magoti pamoja nao, na hakuna aliyesema amina kwa nguvu kuliko mimi.

Cucu alipona. Siku zilizofuata kikohozi kilipungua, ukungu ukaanza kuondoka mapema, na akarudi kuzozana na ng'ombe. Aliishi miaka mingi baadaye, akavaa ile sweta yenye mkono mmoja kama fulana ya ajabu, na mama aliendelea kufunga kufuli ya stoo, na hakuna kati yao aliyewahi kumtajia mwenzake jambo lile. Mama akisema anakwenda stoo kuchambua mahindi, Cucu alijibu, "Chambua tu pole pole," na mimi nilitazama chini nisicheke. Nimewahi kuona ndoa zenye siri chache kuliko hizo na amani kidogo kuliko hiyo.

Lakini mama alikuwa hajui yaliyonipata, na jioni ile ile ya Jumamosi alitoka stoo akiwa ameshika vaisi tupu mkononi, kama mtu aliyerudi akakuta kuku hayupo kwenye mayai. Cucu alikuwa amelala mapema, amechoka na maombi. Tulikuwa wawili mekoni, sufuria ya muthokoi ikichemka, yale mahindi yaliyokobolewa ya kwao Kiambere, na ndengu ndani yake.

"Igoki. Uliingia stoo?"

Nikamwambia. Sikumwambia ya Cucu, hiyo niliimeza, lakini yangu yote nilimpa: dalili za Sande skul, sweta, uji, mto. Nilitegemea kofi. Mama alikaa kwenye kigoda na kunisikiliza huku mwiko umesimama hewani. Nilipofika mahali samaki alipotokea aliinua nyusi.

"Aliishika? Hiyo ya sufu?"

"Aliimeza."

"Mara ya kwanza tu?" Uso wake ulianza kufunguka, na nikaona, juu ya hofu yangu yote, kwamba mama alikuwa anajivuna. Alikuwa ametengeneza hizo nzi, ndivyo walivyoziita, mamia kwa mamia, na hakuwahi kumwona samaki hata mmoja akizikubali. Akaondoka, akarudi na boksi na kalenda kuukuu yenye picha za samaki, akavitandaza kwenye mwanga wa taa.

"Hii ndogo ni ya trauti, wa maji baridi kama yetu. Hii ya nywele ndefu ni ya salmoni, huko nje kwa theluji. Hizi ziko na macho ni za maji ya chumvi. Ya kolekole hii. Ya fulusi hii, huyu wa rangi ya dhahabu. Na hii kubwa ni ya sulisuli, ona pua yake, kama mkuki."

"Umewaona wote?"

"Nitawaona wapi? Mimi nimeona tilapia na kambare. Na kambare hataki nguo mzuri hivi. Kambare unampea matumbo ya kuku na anashukuru."

Tulicheka wote wawili, kwa mkono mdomoni tusimwamshe Cucu. Nilimgusa sulisuli kwenye kalenda. Nilikuwa nimeamini kwamba vile vitu vinatumwa kwa watu, vije viwale kifuani wakiwa wamelala, kumbe vilikuwa vinakwenda kuogelea na huyu. Harufu ya rangi ya kucha, iliyogandisha fundo la mwisho la kila nzi, ilikuwa mikononi mwa mama na sikuona ubaya wake wowote.

Kisha mama akaacha kucheka. Akaanza kupakua muthokoi, akasimama katikati.

"Kwa hivyo hizi wiki zote ulijua mimi ni mchawi."

"Ndiyo."

"Na ule uji wa Cucu ulikuwa unaonja. Mimi nikafikiri ni ulafi."

"Nilikuwa naonja dawa."

"Na chakula yako wewe? Ile nilikuwa nakupikia. Ulikuwa unakula?"

"Nilikuwa nakula."

"Yote?"

"Yote."

"Na kama ningekuwa nimeweka kitu?"

Hilo nililifikiria. Nilikuwa nimelifikiria pia wakati ule, kila jioni, na sahani ikiwa magotini, na kila jioni nilikuwa nimefika mahali pamoja.

"Sikuwa na mama mwingine," nikasema.

  Mama alichukua sahani yangu, ambayo alikuwa ameshaijaza, akaongeza mwiko mmoja, akaongeza mwingine, mpaka muthokoi ikaanza kudondoka pembeni, akaniwekea magotini kwa mikono miwili na kukaa chini kando yangu nikila.